Mizani ya Bichi: Jaboya, Ridhaa na Utu wa Mchuuzi wa Samaki

Jaboya likitajwa redioni au katika baraza la mtaa mjini Kisumu, ubishi huwaka mara moja, na mara nyingi wabishi hawabishani juu ya jambo moja. Kuna anayesema wanawake wajiheshimu. Kuna anayesema hao ni watu wazima, na walichokubaliana faraghani hakimhusu mtu. Mwingine anauliza mbona polisi hawamkamati yeyote, na mhudumu wa afya anataja kiwango cha Ukimwi kisha anaketi. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini maneno utu, heshima na haki yanapokezanywa kana kwamba ni kitu kimoja, na mchuuzi mwenyewe anatoka katika mazungumzo hayo akiwa ama malaya ama mgonjwa. Makala haya yanazitenganisha hoja hizo, yanaipima kila moja, kisha yanatoa uamuzi.

Kwa asiyelijua, jaboya ni neno la Kijaluo linalotumika kutaja mpango ambao mwanamke anayechuuza samaki hujikuta akilala na mvuvi, au na mwenye mashua, ili ahakikishiwe samaki wa kuuza. Watafiti na waandishi wa habari wameueleza mpango huu kwa zaidi ya miaka 20 katika fuo za Kenya za Ziwa Victoria, kutoka Siaya hadi Migori. Nimeichagua Dunga kuwa mahali pa kusimama na kutazama kwa sababu haiko mbali. Iko kusini mwa mji wa Kisumu, ukipita Hippo Point, kando ya kinamasi cha mafunjo ambacho wageni hukijia kwa ajili ya ndege. Ina mashua za kutembeza watalii, vibanda vya samaki wa kukaanga na kamati ya ufuo iliyosajiliwa. Mahakama, hospitali ya rufaa na ofisi za kaunti zinafikika kwa safari fupi ya bodaboda. Utu wa mchuuzi usipolindika mahali palipo karibu hivi na dola, hali ya visiwani haihitaji kuulizwa. Na niseme mapema kwamba wanawake wengi wa Dunga na wa fuo nyingine hununua samaki kwa pesa zao na kushika njia. Kumtazama kila mama mwenye karai kana kwamba ana jaboya ni dhuluma inayopandishwa juu ya ile ya kwanza.

Mlango ulivyofungwa

Kenya ina karibu asilimia 6 tu ya eneo la ziwa. Sehemu iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Katika kipande hicho kidogo, mambo mawili yalibadilisha uhusiano wa wavuvi na wachuuzi ndani ya kizazi kimoja. La kwanza ni mbuta (sangara). Samaki huyu alitiwa ziwani miaka ya 1950, akaongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, akawamaliza wengi wa fulu na samaki wengine wa asili, na akaleta viwanda vya minofu vilivyouza Ulaya. Gari la kiwanda lenye barafu lilipoanza kuteremka bichi, samaki aliyekuwa akipita mikononi mwa wanawake wa mtaa kwenda sokoni alianza kuwapita juu ya vichwa. Aliyekuwa akinunua samaki mzima akawa ananunua mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa, biashara ambayo mtaa wa Obunga mjini Kisumu umejulikana nayo kwa miongo. Kilichobaki mikononi mwake kwa uhakika kidogo ni omena, yaani dagaa wa ziwani, na ngege (tilapia) mmoja mmoja.

La pili ni uhaba. Gugu maji lilifunika Ghuba ya Winam miaka ya 1990, makokoro na nyavu za matundu madogo zikazidi, mashua zikawa nyingi kuliko samaki, na mavuno ya upande wa Kenya yakashuka sana tangu mwanzo wa miaka ya 2000. Wakati huohuo idadi ya wanawake waliotafuta riziki bichi ilikuwa ikipanda: wajane wa Ukimwi, mabinti waliokatiza masomo, wake ambao mishahara ya nyumbani ilikauka pale kiwanda cha nguo cha KICOMI na kile cha sukari cha Miwani vilipoanguka. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Hatua hiyo ni ya lazima kwa ziwa, lakini kwa mwenye mtaji mdogo hiyo ni miezi ya kukopa.

Juu ya hayo upo mwiko wa muda mrefu unaomzuia mwanamke kupanda mashua ya uvuvi. Kwa hiyo chombo, wavu na uamuzi wa kwanza juu ya samaki viko mikononi mwa wanaume, na mwanamke anakutana na samaki ufukweni, alfajiri, bila jokofu, akigombea bidhaa itakayooza kabla ya jioni. Mbuta anayekwenda kiwandani hupimwa kwa mizani, kilo kwa kilo, na hesabu yake huandikwa. Samaki wa mama hupimwa kwa ndoo, kwa karai na kwa jicho la anayeuza. Tuseme wanunuzi 20 wameizunguka mashua yenye ndoo 5. Lazima pawe na njia ya kuamua nani apate. Bei ingeweza kuamua. Foleni ingeweza kuamua. Hata kura ingeweza. Pasipokuwa na hata moja kati ya hizo huamua upendeleo, na mwenye kuutoa upendeleo hujifunza upesi kwamba anaweza kuudaia malipo.

Jambo moja husahauliwa katika mijadala mingi, nalo ndilo ufunguo wa swali zima. Katika mpango huu mwanamke kwa kawaida hulipa pesa vilevile. Mwili haumnunulii samaki. Unamnunulia nafasi ya kuuziwa. Misafara ya biashara iliyotoka pwani kwenda bara katika karne ya 19 ililipa hongo kwa kila mtemi ambaye ilipita nchini mwake, na bidhaa bado ililipiwa kwa bei yake ilikonunuliwa. Jaboya ni hongo ya namna hiyo, ushuru wa kupitishwa mlangoni, isipokuwa unatozwa mwilini, na unatozwa wanawake peke yao. Mwanamume anayenunua samaki Dunga akauze Kakamega haombwi kitu zaidi ya pesa.

Hoja ya watu wazima

Wanaosema tuwaache watu wazima wafanye mambo yao wana nguvu kuliko wanavyopewa. Wanamtazama mwanamke kama mtu mwenye akili na maamuzi. Tafiti zenyewe zinaonyesha picha yenye rangi nyingi: wako wanawake wanaochagua mvuvi wa kushirikiana naye na kumwacha wakitaka, wako wanaowakopesha wavuvi pesa za nyavu na mafuta, na uhusiano mwingine ulioanzia kwenye mashua umeishia kwenye ndoa ya kawaida. Tena, kila mara dola inapoingia kwa jina la maadili, anayekamatwa na kudhalilishwa hadharani ni mwanamke. Uchambuzi wowote unaomwondolea mchuuzi uwezo wa kuamua unampokonya sehemu ya utu uleule unaodai kuutetea. Haya yote nayakubali.

Kasoro yake ni kwamba hoja hii huipima ridhaa mahali pasipostahili. Inauliza kama mwanamke alisema ndiyo. Swali linalofaa ni lile la upande wa pili: angesema hapana, ingekuwaje? Ikiwa angekwenda mashua ya jirani na kuuziwa kwa bei ileile, basi ndiyo yake ilikuwa huru, na wapita njia hawana la kusema. Ikiwa angerudi nyumbani na karai tupu huku mkopo wa chama ukimsubiri mwisho wa wiki, ndiyo hiyo ilishasemwa na njaa kabla hajafungua kinywa. Kipimo hiki si changu peke yangu. Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya 2006, katika kifungu cha 42, inaeleza kwamba mtu amekubali pale anapokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kufanya uchaguzi huo. Bunge halikutosheka na neno ndiyo. Liliuliza pia kuhusu uhuru uliolizaa.

Hapa mtetezi wa hoja hii hujibu kwa pingamizi zito. Maskini wote, atasema, huchagua chini ya shida. Kijana anayebeba mifuko ya saruji kutwa nzima asingeibeba angekuwa na mali. Je, kila kazi ya maskini ni udhalimu? Jibu ni kwamba kuna tofauti kati ya ugumu wa kazi na hongo ya kuipata. Saruji ndiyo kazi yenyewe, na mbebaji analipwa kwa kuibeba. Mchuuzi halipwi chochote kwa anachodaiwa. Biashara yake imekamilika kati ya pesa na samaki, kisha kitu kisichohusu samaki hata kidogo kinaongezwa kwa sababu tu anayedai anajua mwenzake hana mlango mwingine. Sharti lisilo la biashara, likiwekwa juu ya mtu asiye na pa kwenda, ndilo tunaloliita dhuluma katika kila uwanja mwingine. Mwajiri akimwambia mwalimu alale naye ndipo asainiwe barua ya uhamisho, hatuufanyi ugumu wa maisha ya mwalimu kuwa udhuru wa mwajiri.

Hoja ya heshima na ile ya mila

Wanaosema wanawake wajiheshimu wamechanganya maneno matatu ambayo Kiswahili kimeyatenganisha vizuri. Heshima hutoka kwa watu, na mtu huweza kuipoteza. Hadhi hupanda na kushuka pamoja na cheo na mali. Utu mtu huzaliwa nao, na haupunguzwi na umaskini wala na mwenendo. Kifungu cha 28 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinazungumzia hilo la tatu: kila mtu ana utu wa kuzaliwa nao, na ana haki utu huo uheshimiwe na ulindwe. Hakuna sharti la tabia njema lililowekwa hapo. Anayehubiri kujiheshimu humtwisha mwanamke mzigo wa kulinda kitu ambacho Katiba imewatwisha wengine wote wajibu wa kutokigusa. Na mahubiri hayo yana madhara ya moja kwa moja: yanamfanya mchuuzi aone aibu kushitaki, maana kushitaki ni kukiri.

Hoja ya mila, kwamba jaboya ni utamaduni, haihitaji muda mrefu. Mwiko wa mashua ni wa zamani, na huo kweli ni sehemu ya chanzo. Lakini mpango wa kudai mwili ili samaki auzwe ulikua pamoja na biashara ya pesa, uhaba na magari ya viwanda, katika miongo ambayo wengi wa wazee wa leo waliishuhudia kwa macho yao. Kuuita utamaduni ni kuwasingizia waliokufa mambo ya walio hai.

Hoja ya sheria

Upande huu unataka mkono wa serikali, na vitabu havina upungufu. Kifungu cha 20 cha Katiba kinasema Sheria ya Haki inavifunga vyombo vya dola na watu wote, kwa hiyo mvuvi binafsi hawezi kujitetea kwamba utu wa mwenzake ni deni la serikali pekee. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, katika kifungu cha 43, inahesabu matumizi mabaya ya mamlaka au nguvu kuwa miongoni mwa mazingira ya kushurutisha, pale yanapomfanya mtu ashindwe kuonyesha kwamba hataki. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Kenya iliiridhia mwaka 2010, inatambua katika kifungu chake cha 3 haki ya mwanamke ya utu wake. Upande wa pili wa ziwa, Tanzania iliiweka rushwa ya ngono katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Kifungu chake cha 25 kinamlenga mwenye mamlaka anayedai ngono kuwa sharti la kutoa kazi, haki au upendeleo. Hatua hiyo ya Tanzania ina thamani ya kifikra kubwa kuliko wengi wanavyoona. Imeliondoa jambo hili kwenye kabati la usafi wa wanawake na kuliweka kwenye kabati la matumizi mabaya ya nguvu, mahali linapostahili. Hata jina lenyewe, rushwa ya ngono, linamwelekezea kidole anayedai.

Nguvu ya hoja ya sheria ni kwamba inatamka hadharani nani mkosaji. Udhaifu wake unaonekana mtu akijaribu kuipeleka mahakamani kesi moja tu. Sheria hizi zinamtaja mwenye mamlaka. Baharia mwenye ndoo mbili za omena ana mamlaka gani? Si mwajiri wa mchuuzi, si ofisa wa umma. Ana samaki tu, na wanasheria watabishana mpaka jioni kama kukataa kumuuzia mtu samaki wako ni tishio. Ushahidi nao ni neno la mwanamke peke yake, dhidi ya kundi la mashua ambalo kesho alfajiri atalihitaji tena. Hakuna purukushani, hakuna jeraha la kuandikwa katika fomu ya polisi. Akishinda kesi, atanunua wapi? Haki ya mtu mmoja mmoja, inavyodaiwa kwa kawaida mahakamani, humtaka mdai awe na uwezo wa kuvumilia kulipizwa kisasi. Mchuuzi wa omena hana akiba ya wiki moja.

Hata hivyo simalizi hapo, maana kuna sheria ambayo watetezi wengi huipita bila kuitazama. Kifungu cha 62 cha Katiba kinayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Mvuvi huingia ziwani kwa leseni ya umma, na hutua kwenye ufuo unaosimamiwa kwa kanuni za umma. Samaki akishavuliwa ni mali yake, sawa. Lakini mahali pa kuuzia na utaratibu wa kuuza si vyake. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila ufuo uliosajiliwa una kamati ya usimamizi, ambayo kila mtu huiita BMU, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 iliziendeleza kamati hizo. Zinasajili mashua, zinakusanya ada, na zinaweza kutunga sheria ndogo za ufuo. Hapo ndipo mamlaka yanapopatikana. Mwanasheria anayeyasaka katika mfuko wa baharia atayakosa, lakini akiuliza nani aliyeuacha mnada wa umma uendeshwe kwa upendeleo wa chumbani, atapata jibu lenye muhuri na ofisi.

Hoja ya afya

Takwimu za Ukimwi ndizo zilizolifanya jaboya lijulikane duniani. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima nchini wana virusi. Kisumu ilikuwa asilimia 17.5 na Homa Bay asilimia 19.6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wavuvi wa ufuo wa Kisumu uliwakuta karibu robo yao wakiwa na virusi. Pesa na dawa zilizokuja kwa sababu ya takwimu hizi zimeokoa maisha ya watu wengi, na hakuna anayepaswa kuzidharau. Lakini programu ya afya humwona mchuuzi kama njia ya virusi. Ikimpa kinga, dawa za kuzuia maambukizi na ushauri, inahesabu imefaulu, na kwa vipimo vyake imefaulu kweli. Mwanamke aliyekingwa dhidi ya virusi bado anaweza kudaiwa mwili wake kila alfajiri. Tiba ikishaondoa hofu ya ugonjwa, aibu ya kuuacha mpango huu uendelee inaweza hata kupungua kwa watunga sera.

Hoja ya mashua

Hoja ya mwisho ni kwamba dawa ni umiliki. Katika ufuo wa Nduru, Nyakach, kaunti hiihii ya Kisumu, wanawake walianza mwaka 2011 kikundi kilichoitwa No Sex for Fish. Kwa msaada wa wafanyakazi wa kujitolea wa Marekani na shirika la huku ziwani, walipata mashua zao wenyewe, wakaajiri wavuvi, na mizani ya nguvu ikageuka: sasa mvuvi ndiye aliyehitaji kazi kwa mama. Habari zake zilienea kwa haki. Nduru ilithibitisha kwa vitendo kwamba jaboya hutokana na nani anamiliki nini, na kwamba umiliki ukibadilika, tabia iliyoonekana kuwa ya asili hupotea bila mahubiri yoyote. Iliuvunja mwiko wa mashua pia, japo kwa upande wa kumiliki.

Udhaifu wake ulionekana baadaye. Mashua ya mbao huoza na kuhitaji matengenezo, wavu huibwa, na mwaka 2020 ziwa lilipanda na kuvuka kilele chake cha 1964, likazifunika nyumba za ufukweni, Nduru ikiwemo, na kuzitawanya familia. Misaada huja kwa mzunguko wa wafadhili. Mafuriko hayana mzunguko. Kuna tatizo la hesabu pia. Kila mwanamke akimiliki mashua katika ziwa ambalo tayari lina mashua nyingi mno, tutakuwa tumegawana njaa. Na mchuuzi asiye na mashua, anayenunua kwa mwanamke mwenye mashua, bado anategemea wavuvi walioajiriwa wanaoteremsha samaki alfajiri.

Kuna ushahidi mwingine wa aina hii ambao hautajwi sana kwa sababu unakera. Vizimba vya kufugia samaki ziwani vimeongezeka tangu miaka ya 2010, na ngege wa kugandishwa kutoka China amejaa masoko ya Kisumu. Wavuvi huwachukia wote wawili, na wana sababu zao. Lakini samaki wa kizimba au wa katoni huuzwa kwa kilo, kwa bei inayojulikana, na mwenye ghala anadai pesa tu. Mchuuzi anayemkimbilia huyo hafuati urahisi wa bei peke yake. Panapokuwa na bei iliyoandikwa na mzani, mwili hauna pa kuingilia katika biashara.

Kipi kina uzito

Kabla ya kuamua, pingamizi la wavuvi lisikilizwe, maana ni la haki. Baharia wa Ghuba ya Winam si mtawala. Analala ziwani, akirudi mgao wa mwenye mashua hutolewa kwanza pamoja na gharama za mafuta, na kinachobaki hugawanywa kwa wenzake wote. Wengine wamewahi kukamatwa na kunyang'anywa nyavu katika mgogoro wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo. Mtu aliyedhalilishwa namna hiyo, wanasema, asigeuzwe kuwa sura ya udhalimu. Ni kweli kwamba naye anaonewa. Lakini kuonewa hakumpi mtu leseni ya kuonea aliye chini yake, na ndivyo dhuluma ilivyojaa duniani: kila ngazi inaitupia ngazi ya chini yake mzigo ilioupokea. Linachotufundisha pingamizi hili ni kwamba suluhisho linalomwinda baharia peke yake litamwacha mwenye mashua, wakala na kamati wakiwa wametulia.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Hoja ya watu wazima inashindwa katika msingi wake, kwa sababu uhuru wa kusema ndiyo haupo pale ambapo hapana inamgharimu mtu riziki. Hoja ya heshima inampiga aliyeumizwa. Hoja ya afya ni ya lazima lakini ni ya jambo jingine. Sheria na mashua zina uzito wa kweli, na kila moja inashindwa mahali ambapo nyingine ina nguvu: sheria inamtaja mkosaji bila kumpa mwanamke samaki, na mashua inawapa samaki wanawake wachache bila kubadili kanuni kwa walio wengi. Zinakutana kwenye utaratibu wa mauzo ufukweni. BMU ikitunga sheria ndogo kwamba samaki wote watauzwa hadharani, kwa mizani, kwa bei iliyobandikwa ubaoni, kwa foleni ya namba, na kwamba mashua itakayouza pembeni itasimamishwa, basi anayesema hapana hapotezi nafasi yake. Hilo ndilo jambo moja ambalo haki ya utu inalihitaji hapa. Na ikishakuwepo kanuni, anayeivunja anakuwa amevunja kitu kinachothibitika. Mwanamke halazimiki kusimama mahakamani kueleza chumba chake cha kulala ndipo haki ionekane.

Sidai kwamba hatua hiyo haina hasara. Bei ya wazi itapanda siku za uhaba, na mwenye mtaji mkubwa atajaribu kununua ndoo zote. Baadhi ya wachuuzi maskini kabisa, ambao jaboya ndilo lililowaweka sokoni, wanaweza kusukumwa nje. Dawa yake ni kikomo cha ndoo kwa kila namba ya foleni, na wachuuzi wadogo kununua pamoja kupitia vyama vyao. Hata hivyo wako watakaoumia mwanzoni, na kaunti inapaswa kuwatengea mkopo mdogo badala ya kujifanya hawapo. Watasema pia mashua zitahamia ufuo wa jirani usio na kanuni. Zitahama, kama kanuni ni ya Dunga peke yake. Ndiyo maana hili haliwezi kuachiwa ufuo mmoja. Bunge la Kaunti ya Kisumu, likishirikiana na yale ya Homa Bay, Siaya, Migori na Busia, lina uwezo wa kutunga kanuni moja kwa fuo zote. Pingamizi la mwisho ndilo gumu zaidi: kamati hizi hutawaliwa na wenye mashua, na wanaofaidika na giza hawawashi taa. Kanuni zinataka wanawake wawakilishwe katika uongozi, lakini kuwa na kiti si kuwa na kauli. Wachuuzi ni wengi bichi kuliko wenye mashua, na kura zao katika mkutano wa ufuo zina uzito sawa na za yeyote. Hadi leo kura hizo zimetumika kidogo sana kwa jambo lao wenyewe.

Kwa hiyo ombi linawaendea wao kwanza, kisha kaunti, kisha mashirika yenye pesa za ziwa. Mkutano ujao wa BMU ukiitishwa, ajenda ya kwanza iwe namna samaki wanavyouzwa, na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Gharama si kisingizio. Mizani ya kuning'iniza ni sehemu ndogo sana ya bei ya injini moja ya mashua, na katika fuo nyingi ipo tayari, imetundikwa, ikimsubiri wakala wa kiwanda.